Popo wa darini Bombo: wanabeba virusi bila kuugua, na kuwaua kunaweza kuongeza hatari

Mwaka 2018, kwenye vilima vya Taita nchini Kenya, watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Helsinki walimkuta popo mmoja mdogo akiwa na virusi vya ukoo wa Ebola. Popo mwenyewe ni wa ile aina inayopenda kujibanza chini ya mabati na kwenye kenchi za nyumba. Taarifa yao ilitoka mwaka uliofuata.

Habari hiyo inaihusu Same pia. Taita na milima ya Upare ni ndugu, zote ni sehemu ya Tao la Mashariki, na katikati yake kuna nyika ya Tsavo na Mkomazi tu. Popo hasimami mpakani kugongewa muhuri. Kata ya Bombo, Upare ya Kusini, ina nyumba za bati, migomba na miti ya matunda, yaani kila kitu anachokitaka popo.

Jina la virusi hivyo nalo linaweza kumshtua mtu: vinaitwa Bombali. Havina uhusiano wowote na Bombo. Bombali ni wilaya ya Sierra Leone, ambako viligunduliwa kwa mara ya kwanza. Na mpaka sasa hajathibitishwa binadamu hata mmoja aliyeugua kwa virusi vya Bombali. Wagonjwa wa homa waliopimwa huko Taita hawakukutwa navyo.

Bado maswali mawili yanabaki. Mnyama mwenye uzito wa gramu chache anambebaje ndugu wa Ebola bila kufa? Na je, si bora watu wafukize moshi, wawaue wote, yaishe? Jibu la swali la pili linatokana na la kwanza.

Popo si wa aina moja

Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo. Katika kila aina tano za wanyama wanaonyonyesha, moja hivi ni popo. Kwa hiyo kusema "popo wana virusi" ni kauli pana mno, sawa na kusema "wanyama wa porini wana magonjwa".

Kila virusi vina popo wake. Bombali vimekutwa kwa popo wadogo wala wadudu, hasa yule mwenye mkia uliochomoza nje ya utando, ambaye wataalamu humwita *Mops condylurus*. Marburg, ugonjwa ulioitikisa Kagera, mwenyeji wake ni popo mla matunda anayelala mapangoni, *Rousettus aegyptiacus*. Wale popo wakubwa wanaoning'inia mitini kwa maelfu, kama wanavyoonekana Dar es Salaam, ni wengine kabisa na wana virusi vyao. Mtu anayewachanganya wote hawezi kujua hatari yake iko wapi: darini, pangoni au juu ya mwembe.

Ndani ya mwili wa popo mmoja

Popo ndiye mnyama pekee anayenyonyesha na kuruka kwa mbawa zake mwenyewe. Kuruka kuna gharama. Moyo hupiga kwa kasi kubwa, nguvu nyingi huchomwa, na joto la mwili hupanda hadi nyuzi 40 au zaidi, kiwango ambacho kwa binadamu kingeitwa homa kali.

Zamani ilielezwa kwamba joto hilo ndilo linalovidhibiti virusi. Maelezo hayo yanavutia, lakini yana tundu. Virusi vya ukoo wa Ebola na Marburg vilipooteshwa maabara kwenye seli za popo, viliendelea kuzaana hata kwenye nyuzi 41. Joto peke yake halitoshi kueleza jambo hili.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni haya. Misuli ya popo ikifanya kazi kwa kasi ile, seli huumia na vipande vya vinasaba huvuja ndani yake. Kwa mnyama mwingine, vipande hivyo vingepiga kengele ya hatari na mwili ungewaka: kuvimba, homa, maumivu. Kama popo angekuwa hivyo, angeugua kila usiku baada ya kuruka. Kwa hiyo, katika mamilioni ya miaka, kengele zake zimepunguzwa sauti. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa protini moja ya kengele hizo, iitwayo STING, imebadilika kwenye sehemu ileile katika aina zote za popo walizochunguza, na haipigi kelele kama yetu. Mwaka 2019 timu ya Singapore ikaonyesha jambo la namna hiyo kwa kengele nyingine ya uvimbe, NLRP3.

Hapo ndipo kuna siri kubwa. Mtu akipata Ebola au UVIKO-19 mkali, sehemu kubwa ya madhara hutokana na kinga yake mwenyewe kupita kiasi. Ni kama sungusungu waliokuja kumkamata mwizi wakaishia kuchoma nyumba. Popo anamzuia mwizi, lakini nyumba yake inabaki.

Kengele kupungua sauti hakumaanishi popo amelala. Baadhi ya popo wa Australia wana interferoni, yaani protini zinazozionya seli kuwa virusi vimekuja, ambazo ziko kazini muda wote, hata kabla ya maambukizi. Popo wa Marburg yeye ana njia nyingine: amerundika jeni nyingi za interferoni na za kuongoza seli za ulinzi. Wote wanafika palepale kwa njia tofauti, na hii ndiyo sababu ya kutochukua matokeo ya popo wa Australia na kuyabandika kwa popo wa Upare.

Upande wa pili wa habari hii si mzuri kwa binadamu. Virusi vilivyozoea kuishi kwenye mwili wenye ulinzi wa haraka hujifunza kuenea haraka kutoka seli hadi seli. Vikimwingia mtu, ambaye ulinzi wake unachelewa kuamka na ukiamka unachoma kila kitu, vinakuwa vikali kuliko vilivyokuwa kwa popo.

Kinga hupungua, kumbukumbu hubaki

Huko Marekani, popo wa Marburg waliofugwa waliambukizwa virusi kwa makusudi ili wafuatiliwe. Virusi vilionekana kwenye damu na mate yao, lakini hawakuugua kwa maana ya kuugua. Baada ya wiki chache walikuwa wamevisafisha.

Kingamwili zao zilishuka ndani ya miezi michache tu. Mtu angedhani sasa wako wazi tena. Waliambukizwa upya kati ya miezi 17 na 24 baadaye, na virusi havikushika. Mwili ulikuwa unakumbuka.

Kwa hiyo popo mzima aliyewahi kuambukizwa ni kama mlango uliofungwa: virusi vikigonga, havipiti. Jambo hili ndilo la kushika, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinaning'inia hapo.

Hesabu ya pango

Virusi haviishi kwa popo mmoja. Vinaishi kwa kundi. Kama kila popo anavisafisha baada ya wiki chache na kubaki na kinga, virusi vinahitaji popo wapya wasio na kinga kila wakati, la sivyo vinakwisha. Popo wapya wanatoka wapi? Kwa uzazi.

Mtoto wa popo huzaliwa na kingamwili za mama yake. Zinamlinda kwa miezi minne au mitano, kisha zinaisha. Hapo anakuwa mkubwa wa kujitegemea, amehama kutoka kwa mama, anabanana na vijana wenzake pembeni mwa pango, na hana kinga yoyote. Virusi vinapata kuni.

Watafiti waliona hili kwa macho katika Pango la Chatu, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth nchini Uganda. Ni pango ambalo mwaka 2008 mtalii wa Kiholanzi aliambukizwa Marburg na kufariki. Katika maelfu ya popo wa humo, wenye virusi kwa wakati mmoja walikuwa kama asilimia 2.5 tu. Lakini kwa vijana wa miezi sita hivi, katika misimu miwili ya mwaka, kiwango kilipanda hadi zaidi ya asilimia 12. Misimu hiyo ni takribani katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi.

Kisha wakafungua kumbukumbu za watu walioambukizwa Marburg kutoka porini miaka ya nyuma. Kati ya matukio 65, 54 yaliangukia kwenye misimu hiyohiyo. Asilimia 83.

Kagera imepata Marburg mara mbili. Ya kwanza ilitangazwa Machi 21, 2023, Bukoba Vijijini: watu tisa, sita wakafariki. Ya pili ilitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 20, 2025, baada ya vifo vya Biharamulo. Wagonjwa waliothibitishwa na waliohesabiwa kuwa nao walikuwa 10, na wote walifariki. Matangazo yote mawili yalikuja kati ya Januari na Machi. Matukio mawili hayatoshi kuwa ushahidi, lakini anayepanga ukaguzi wa mapango na machimbo hawezi kuyapuuza.

Kuna fumbo moja ambalo uzazi peke yake haulitegui. Kisiwa cha Annobón, mbali baharini kwenye Ghuba ya Guinea, kina kundi dogo la popo waliotengwa na wenzao wa bara. Surua ikiingia kwenye kisiwa kidogo cha watu hupita kama moto wa nyasi na kuzimika, maana wa kuambukizwa wanaisha. Lakini popo wa Annobón walikutwa na kingamwili dhidi ya virusi vilevile vya bara, wakiwemo vijana, ishara kwamba maambukizi yanaendelea humo humo. Wazo linalojadiliwa ni kwamba baadhi ya popo hubaki na virusi vilivyojificha mwilini, vikaibuka tena wakati kinga imelegea, kama tetekuwanga inavyorudi uzeeni kwa sura ya mkanda wa jeshi.

Kitaka: walipowaua popo

Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Mgodi ulikuwa na popo wa matunda wasiohesabika, zaidi ya 100,000 kwa makadirio. Mwaka 2008 uamuzi ukawa ule ambao wengi wangeufanya: popo waliuliwa, mgodi ukabaki mtupu.

Miaka minne baadaye, Oktoba 2012, Marburg ililipuka mjini Ibanda, kama kilomita 20 kutoka mgodini. Huo ndio ulikuwa mlipuko mkubwa zaidi wa Marburg Uganda ilioujua mpaka wakati huo. Watafiti wakarudi Kitaka. Popo walikuwa wamerudi, ila wachache mno kuliko wa mwanzo. Na wenye virusi? Mwaka 2007 na 2008, kabla ya mauaji, walikuwa asilimia 5.1. Sasa walikuwa asilimia 13.3.

Ni ile hesabu ya pango. Waliouawa wengi walikuwa watu wazima wenye kinga, ile milango iliyofungwa. Nafasi iliyobaki ikajazwa na popo wapya, vijana na wageni, wasio na kinga. Popo wakapungua, virusi vikaongezeka.

Tena kuna madhara ya siku ile ile ya kuua. Anayewafukiza moshi na kuwapiga kwa fimbo ndiye anayekuwa karibu na mate, mkojo na damu yao kuliko mtu mwingine yeyote kijijini. Wanaonusurika hawapotei, wanahamia dari la jirani.

Njaa nayo inafungulia virusi

Australia kuna virusi vya Hendra, vilivyogunduliwa mwaka 1994, vinavyotoka kwa popo kwenda kwa farasi na kutoka kwa farasi kumwua mtu. Takwimu za miaka 25, zilizochapishwa mwaka 2023, zilionyesha kwamba misitu inayochanua majira ya baridi ilipokatwa, popo walikosa chakula, wakahamia mashambani na mijini, na virusi vikaanza kumwagika kwa farasi. Msimu ambao maua yalichanua sana porini, popo waliondoka mashambani na maambukizi yakakoma.

Kwa Upare, funzo hilo lina anwani: msitu wa Chome, unaozunguka kilele cha Shengena. Popo wa matunda mwenye chakula msituni hana haraka ya kushuka kwenye mapera ya mtu. Na popo hao hao ndio wanaosambaza mbegu za mvule na kuchavusha mibuyu ya tambarare, huku wale wadogo wa darini wakila wadudu usiku kucha.

Ugonjwa unaomwua hata popo mwenyewe

Kinga ya popo ina mipaka. Virusi vya ukoo wa kichaa cha mbwa vinaweza kumwua popo kama vinavyomwua mbwa, na hapa ndipo hatari ya kweli kwa mtu wa kawaida ilipo karibu zaidi na Same.

Oktoba 2007, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, inayopakana na Mkomazi, popo mdogo alimgonga usoni mtalii aliyekuwa kambini, daktari kutoka Uholanzi. Alimwachia mikwaruzo midogo puani. Aliiosha kwa sabuni, lakini hakupata chanjo. Wiki tatu na siku chache baadaye dalili zilianza, na mwezi Desemba alifariki kwao. Virusi vilikuwa vya Duvenhage, ndugu wa kichaa cha mbwa.

Haikuwa mara ya pekee katika eneo hili. Mwaka 2009 popo wa mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya, alikutwa na virusi vingine vya ukoo huo. Mwaka huohuo, eneo la Ikoma huko Serengeti, fungo alimng'ata mtoto, na ubongo wa fungo huyo ukakutwa na aina mpya iliyopewa jina la Ikoma.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inakinga vizuri dhidi ya virusi kama Duvenhage. Kwa Shimoni na Ikoma nguvu yake ni ndogo. Hiyo si sababu ya kuikosa, maana aliyeng'atwa hajui ameng'atwa na popo mwenye virusi gani. Jeraha la popo, hata mkwaruzo usiotoa damu nyingi, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda hospitali siku hiyohiyo na kusema wazi kuwa ni popo. Dalili zikishaanza, matibabu hayasaidii.

Kuwahamisha bila kuwaua

Popo wa darini hutoka jioni kwenda kula. Kazi inaanza kwa kukaa nje jua linapozama na kuona wanatokea tundu gani. Matundu mengine yote huzibwa kwanza. Lile kuu huning'inizwa wavu au kitambaa juu yake, kikiwa wazi kwa chini, ili popo atoke lakini akirudi asipate njia. Baada ya siku kadhaa, dari likiwa kimya, linazibwa kabisa.

Kosa kubwa ni kufanya hivyo wakati kuna vichanga visivyoweza kuruka. Vitafia humo, mama zao watazunguka nyumba wakitafuta pa kupenya, wengine wakiingia vyumbani. Kukisikika milio ya vichanga, ni kusubiri mpaka waanze kutoka na mama zao.

Mavi ya popo hayafagiliwi makavu. Vumbi lake linaweza kubeba fangasi wanaoshambulia mapafu, na kwa anayesafisha dari mara nyingi hao ndio tishio la karibu kuliko virusi. Hunyunyiziwa maji kwanza, na anayesafisha hujifunika pua na mdomo na kuvaa glavu.

Tenki na ndoo za maji hufunikwa. Tunda lenye alama za meno halikatwi upande na kuliwa lililobaki, linatupwa lote. Popo aliyeanguka chini mchana, anayehema na asiyeruka, si wa kushikwa kwa mikono mitupu, hasa na watoto: mara nyingi popo wa namna hiyo ndiye mgonjwa. Mizoga mingi ikionekana mahali pamoja, taarifa hutolewa kwa mtendaji wa kijiji na ofisa mifugo, au kwa simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199.